Kwanza Kiwandani: Kumuaga Bi. Tusekile Nzunda na Picha Zake za Wachumaji

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Tusekile Nzunda atafunga mlango wa ofisi ya habari ya Chama cha Ushirika wa Kahawa Matunda Mekundu, hapa Ihanda, akiwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi. Sheria inasema mtumishi akifikisha miaka sitini apumzike. Alipokumbushwa hilo, alijibu kwamba sheria ameielewa, ila hilo neno kupumzika ndilo bado hajalielewa. Tumeona tuanze na jibu hilo. Anayemfahamu atacheka, na asiyemfahamu ameshaonywa.

Aliajiriwa mwaka 1996, wakati wilaya yetu ya Mbozi bado iko Mkoa wa Mbeya. Ni mzaliwa wa Hasamba, mtoto wa wakulima wa kahawa na mahindi, na aliimba kwaya ya kanisa kwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya aliomba mara nyingi ipunguzwe. Kazi ya picha alijifunza Tunduma, katika studio ya marehemu mzee Raphaeli Siame, aliyewapiga picha madereva, wafanyabiashara na mabibi harusi wa pande zote mbili za mpaka. Mzee huyo alipofunga studio alimuuzia Tusekile kamera yake ya zamani, ile yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambayo mpigapicha huishika usawa wa tumbo na kuinama kuitazama kwa juu. Kamera hiyo ilikaa kabatini kwake miaka mingi, maana kazi za chama alizifanya kwa kamera za chama.

Na kazi za chama zilikuwa nyingi: vitambulisho vya wanachama, kalenda, jarida hili, wageni na hotuba zao. Kwenye vitambulisho wazee walikuwa wakikaza uso kana kwamba wameitwa barazani kujibu kesi. Bi. Tusekile alikuwa akiwaambia neno moja la Kinyiha, ambalo hadi leo hakuna mtu ofisini aliyekubali kulitafsiri, mzee anacheka, naye anabonyeza. Ukitandaza mezani vitambulisho vya miaka ile utaona meno tu. Benki iliwahi kurudisha baadhi ikitaka sura za kawaida. Akawajibu kwamba hiyo ndiyo sura ya kawaida ya mkulima ambaye bado hajatajiwa bei.

Mwaka mmoja mgeni rasmi alisimama kivulini wakati wa kutoa hotuba. Bi. Tusekile alipanda jukwaani, akamshika kiwiko, akamsogeza kwenye mwanga, akashuka. Waandaaji walishika vichwa. Mgeni alimshukuru na kuendelea na hotuba yake, na picha ile ikatoka ukurasa wa mbele wa jarida.

Lakini wasifu wake ungekuwa na pengo kubwa kama tusingeeleza zile picha za wachumaji, na jinsi zilivyokaribia kumfukuzisha kazi.

Jambo lenyewe lilianza na kalenda ya mwaka 2021. Bi. Tusekile alikuwa amempiga picha Rozi Mwamlima, mchumaji na mchambuzi wa kahawa wa hapa Ihanda, akiwa amesimama katikati ya mibuni amekumbatia kikapu. Mchapaji, katika kutafuta nafasi ya nembo na tarehe, aliikata picha ile. Ikabaki mikono miwili na matunda mekundu. Ofisi nzima tuliipenda. Wiki chache baadaye Rozi alikuja ofisini na kalenda kwapani, akatusalimia mmoja mmoja, akaitandaza mezani.

“Mikono naijua,” alisema. “Naomba kuuliza tu, mimi mwenyewe mmeniweka wapi?”

Rozi hakugomba, alikunja kalenda yake akaaga. Bi. Tusekile hakugusa chakula chake mchana ule.

Mwaka uliofuata bodi ilianza maandalizi ya kuadhimisha miaka arobaini ya chama, na ikaagiza mfululizo wa picha kuhusu safari ya kahawa kutoka shambani hadi sokoni. Meneja wetu, Bwana Nikodemo Silwimba, ni mchapakazi na ni mtu mwaminifu, na wakati wote ana haraka. Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: kamera ya dijitali, picha za rangi, na skrini kubwa katika ukumbi wa hoteli moja kule Tunduma, mbele ya wanunuzi na wageni waalikwa. Wakati huohuo wanachama walikuwa wanajiandaa kujadili sharti la chama lililosema kaya moja ina mwanachama mmoja. Kwa maandishi sharti lile halikumtaja mwanamume wala mwanamke. Kwa vitendo mwanachama alikuwa mume, na mke aliitwa msaidizi.

Bi. Tusekile alitangaza kwamba mfululizo wake utakuwa wa wanawake wanaochuma na kuchambua kahawa, mmoja katika kila picha, mzima kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, anatazama mbele, na jina lake chini. Bwana Nikodemo hakuwa na tatizo na wanawake kuwemo. Tatizo lake lilikuwa hayo mengine yote.

Kabla ya kuchagua kamera, Bi. Tusekile alizijaribu zote, na hili tulilishuhudia. Alianza na simu, akimpiga picha Marta Mwampamba, mchumaji wa Hasamba, na wenzake. Kila mmoja alitaka kujiona, kisha akajifuta uso, akaomba irudiwe. Ilipofika mara ya tatu wote walikuwa na sura moja, sura ya mtu aliyealikwa harusi ambayo hamjui bwana harusi wala bibi harusi. Akaijaribu kamera ya dijitali ya ofisi. Picha zilitoka safi na kwa haraka, lakini zilikuwa pana kwa pembeni, zenye nafasi tupu ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta angetamani kuzikata. Hapo ndipo alipofungua kabati na kuitoa kamera ya mzee Raphaeli.

Kamera ile inatumia filamu pana, na picha yake ni mraba. Mtu akisimama katikati, amejaa. Juu kuna mbuni, chini kuna ardhi, na hakuna kona ya bure ya kuwekea nembo. Bi. Tusekile aliamua kusafisha kila picha nzima pamoja na ukingo mweusi wa filamu kuizunguka, ili atakayekata hata kidogo ajulikane kwamba amekata. Aligundua pia kwamba mwanamke akiambiwa picha haitaonekana leo wala kesho, anaacha kujitengeneza, anasimama tu kama alivyo.

Meneja aliposikia habari za filamu alicheka kwanza, halafu akaona mwenzake hacheki.

“Mama, dunia imeshahama huko,” alimwambia. “Hiyo filamu yenyewe nani anauza?”

Chama kilikataa kuinunua. Bi. Tusekile akampigia simu Lucky, mtoto wa mama yake mdogo, anayefanya biashara Nakonde, upande wa Zambia. Lucky akatuma ujumbe Lusaka, na filamu zikavuka mpaka zikiwa katikati ya furushi la vitenge. Alizilipia mwenyewe. Filamu ya kwanza iliharibika yote, kwa sababu mlango wa nyuma wa kamera ulikuwa umelegea na mwanga ukaingia. Aliwarudia wanawake wale, akawaeleza kilichotokea, akaubana mlango kwa utepe mweusi na kuanza upya.

Alifanya kazi hiyo msimu mzima, Ihanda na Hasamba, kabla na baada ya saa za ofisi. Marta alisimama akiwa amevaa buti za mvua za mumewe, kubwa kuliko miguu yake, kwa sababu ndizo anazovaa shambani kila siku. Zamu ya Rozi ilipofika, aliweka kikapu chini, akapeleka mikono nyuma ya mgongo. Bi. Tusekile alimuuliza kama angependa kushika chochote.

“Hapana,” Rozi alisema. “Mikono mnayo tayari.”

Picha hiyo ndiyo Bi. Tusekile anayoipenda kuliko zote alizowahi kupiga. Katika picha hiyo Rozi hatabasamu wala hajanuna. Anakutazama tu, mpaka wewe ndiye unayeanza kujiuliza umesimama vipi.

Baada ya hapo likaja suala la kuzionyesha, nalo lilikuwa gumu kuliko kuzipiga. Alikubali kuijaribu skrini. Kila mwanamke alionekana kwa sekunde chache, akafuata mwingine, kisha tangazo la benki. Bi. Tusekile alisema mtu anayepita humtazami, unampisha. Akajaribu bango la plastiki, akachapisha moja Tunduma, la Marta. Liling'aa sana, na Marta akawa kama mgombea udiwani. Marta mwenyewe alilitazama akacheka hadi akakaa chini. Bango lile likaishia kufunikia kahawa wakati wa mvua, na kwa kazi hiyo halina mpinzani.

Mwishowe alichagua karatasi isiyong'aa. Alizisafisha picha mwenyewe katika chumba cha giza cha chama, kile cha kusafishia filamu, kubwa kadiri beseni zake za dawa zilivyoruhusu, akazibandika juu ya plaiwudi na kuzipigia miguu ya mbao. Alipima urefu wa miguu hiyo ili macho ya aliye kwenye picha yakutane na macho ya mtu mzima aliyesimama. Mahali pa kuziweka alikuwa ameshapajua: juu ya meza za kuanikia kahawa, kiwandani kwetu, siku ya mkutano mkuu wa Mei 2023. Msimu unakuwa haujaanza, meza ziko tupu, na hakuna mwanachama anayefika mkutanoni bila kupita katikati yake. Alipanga kuzisimamisha zote mezani alfajiri.

Bwana Nikodemo alikataa. Alisema mkutano una ajenda nzito, na picha zile zitachochea watu. Ziende hotelini Tunduma baada ya mkutano, na huko ziende kwenye skrini.

“Kwanza kiwandani, halafu hotelini,” Bi. Tusekile alimjibu mbele yetu. “Wenye sura zao hawawezi kuwa wa mwisho kujiona.”

Meneja alimkumbusha kwamba picha ni mali ya chama. Naye akamjibu kwa sauti ya chini, jambo lililotushtua zaidi kwa kuwa hana kawaida nayo: “Mlipokataa kununua filamu, mliniachia na picha.”

Alisimamishwa kazi kwa kukaidi maelekezo, hadi mkutano upite, na mlinzi akaagizwa asimruhusu kuvuka geti. Tusidanganyane kwamba hakuogopa. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu kustaafu, na alijua mambo ya namna hii huishia wapi. Ametusimulia kwamba mumewe, mwalimu Efraimu, alimuuliza swali moja: je, kuna mwanamke hata mmoja aliyeomba picha yake isionekane? Akasema hakuna. Basi, mwalimu akasema, akaenda kutafuta misumari.

Asubuhi ya mkutano wanawake walikwenda nyumbani kwake, wakajitwika zile mbao za picha vichwani juu ya kata za kanga, wakaja nazo kiwandani kwa mstari mmoja. Mlinzi alikuwa ameagizwa kumzuia Tusekile Nzunda. Kuhusu plaiwudi hakuwa ameagizwa chochote, akafungua geti. Bi. Tusekile alibaki ng'ambo ya barabara, nje ya eneo la chama, na hakuziona picha zake zikipangwa.

Wanachama walipoanza kufika walikuja kwa kelele za kawaida, lakini walipofika kwenye meza kelele zikapungua. Watu walitembea polepole, wakasoma majina ya wake zao na mama zao kana kwamba wanayasikia kwa mara ya kwanza. Mzee Ezron Mwampamba, mume wa Marta na mmoja wa waasisi wa chama, alisimama mbele ya picha ya mkewe. Mzee Ezron ndiye aliyekuwa akitetea lile sharti la kaya moja kwa nguvu kuliko wote. Aliwatangazia waliokuwa karibu kwamba buti zile ni zake. Watu wakacheka, yeye akacheka nao, akaingia ukumbini.

Ndani, ajenda ya sharti iliwekwa mwisho. Zamu yake ilipofika, mwenyekiti alisema muda umekwisha, jambo hilo liahirishwe hadi mwaka ujao. Wengi walipiga makofi. Wakatoka kwenda kula.

Chakula kilikuwa kimeiva, wali na nyama na maharage, sufuria zimefunikwa vizuri kwenye banda. Wapishi hawakuwepo bandani. Walikuwa wamesimama penye meza za kuanikia, kila mmoja kando ya picha yake. Mzee Ezron alimfuata mkewe akamuuliza kulikoni.

“Chakula kipo, baba,” Marta alisema. “Rudini kwanza mkamalize mlichokiahirisha.”

Baadhi ya wanaume walikasirika, na maneno makali yalisemwa ambayo hatuna haja ya kuyachapa hapa. Mmoja alikwenda bandani akafunua sufuria, akageuka kuona nani anamfuata, hakuona mtu, akafunika tena. Wanawake walibaki palepale. Bwana Nikodemo alitoka ofisini. Angeweza kumwita mlinzi, na tulidhani hilo ndilo angefanya. Badala yake alitembea kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na mbele ya ile ya Rozi alikaa kitambo. Kisha akamfuata mwenyekiti akamwambia kwamba akidi bado ipo, na kwa maoni yake muda nao upo.

Wakarudi ndani na njaa zao. Mzee Ezron aliomba kusema kabla ya wengine.

“Mimi miaka yote nasema mke wangu ananisaidia,” alisema. “Hapo nje nimemtazama kwenye ile mbao, nikamtazama na mwenyewe. Nikajiuliza kwenye ile kahawa nani hasa anamsaidia mwenzake. Jibu nililopata silipendi, lakini ndilo.”

Kura hazikuwa za wote. Kuna waliokataa hadi mwisho, na wapo wanaosoma jarida hili. Lakini sharti lilibadilishwa, na tangu siku ile mtu mzima yeyote anayehudumia kahawa anaweza kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Bi. Tusekile alisikia vigelegele akiwa ng'ambo ya barabara. Mwandishi wa wasifu huu alikimbia kwenda kumweleza, akamkuta ameketi chini kwenye nyasi, anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kuna picha iliyoanguka. Hakuna iliyoanguka. Chakula kililiwa kikiwa cha baridi, na hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Jumatatu iliyofuata Bwana Nikodemo alimfuata nyumbani kumrudisha kazini, akaziomba zile picha kwa ajili ya Tunduma. Alipewa, kwa masharti: ziende nzima, juu ya mbao zake, zikiwa na majina, na wenye majina wawepo. Kwa hiyo katika ukumbi ule wa hoteli wanunuzi walimwona Rozi kwenye karatasi, wakageuka wakamwona amesimama nyuma yao na glasi ya juisi. Leo Rozi Mwamlima ni mjumbe wa bodi, na anauliza maswali mengi. Meneja amesoma habari hii kabla haijachapwa, akasema iende kama ilivyo. Tunamheshimu kwa hilo.

Tulipomuuliza Bi. Tusekile angependa zawadi gani ya kustaafu, alikataa kitenge, akakataa saa ya ukutani, akakataa na seti ya sufuria. Aliomba kitu kimoja, chumba cha giza kisigeuzwe stoo ya mbolea kama inavyosemwa, na kijana atakayechukua nafasi yake afundishwe kukitumia. Uongozi umesema utalitafakari ombi hilo. Sisi wafanyakazi wenzake tunaomba kuutaarifu uongozi kwamba mifuko ya mbolea iliyokuwa imeanza kuingizwa mle tumeshaihamisha wenyewe, na haitarudi.

Bi. Tusekile, dada yetu na mwalimu wetu, asante kwa kutupiga picha tukiwa wazima, hata siku ambazo tulitaka kukatwa. Mungu akujalie afya njema na uzee mrefu, shamba lako lipate mvua kwa wakati, na pale Hasamba usikose hata siku moja mtu wa kubishana naye.

Witness Simbeye
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Matunda Mekundu